Mwavuli Namba Saba, Safu ya Kwanza

Asiyekuwepo na lake lipo. Tena limewekwa mbele kabisa, linatazamana na bahari. Wahenga waliosema halipo hawakuwahi kukodi mwavuli kwenye ufukwe wa Noli.

Ornella alikuwa amekaa sakafuni, nguo zimemzunguka, hajui achukue lipi kati ya mavazi mawili ya kuogelea, simu ya Ezio ilipotetemeka juu ya sanduku la safari. Ezio mwenyewe alikuwa bafuni, anapiga mluzi. Ornella hakukusudia kusoma. Alisoma.

"Ezio, habari. Mwavuli namba 7, safu ya kwanza, Julai 5 hadi 19. Wewe na Marilena kama kila mwaka. Thibitisha kabla ya Jumatano saa sita mchana. Iole."

Akairudia polepole, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Habari za Iole alizisikia mara nyingi: mwanamke anayekodisha miavuli kule ufukweni. Za Marilena alizisikia zaidi: mke aliyeachana na Ezio miaka mitano iliyopita.

"Ezio!"

"Naam, mpenzi!"

"Toka humo."

"Nina sabuni kichwani!"

"Toka nayo."

Akatoka na taulo kiunoni, povu linamtiririka sikioni. Ornella akamnyooshea simu kwa urefu wote wa mkono, kana kwamba inanuka. Ezio akapangusa jicho, akasoma, na badala ya kubadilika rangi akatabasamu.

"Ah, Iole! Nusura nisahau. Asante kwa kunikumbusha."

"Asante? Ezio, 'wewe na Marilena kama kila mwaka' maana yake nini?"

"Mwavuli."

"Mwavuli gani?"

"Mwavuli wetu. Umeandikwa kwa jina langu na la Marilena."

Ornella akamkodolea macho. Majira matatu ya joto alibaki Torino akiendesha tramu yake kwenye lami inayoyeyuka, kwa sababu madereva wapya hupewa likizo Novemba, mwezi usiotakiwa na mtu. Kila Julai Ezio alimpeleka mama yake baharini, akarudi mweusi, na chupa ya dagaa wa chumvi mkononi. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Ornella alipata Julai. Miezi minne walipanga: chumba chenye roshani, treni ya asubuhi, wawili tu. Na moyoni alikuwa na mpango wake mwingine. Krismasi Ezio alimpigia goti akiomba kumwoa, naye akamwambia asubiri. Jibu alikuwa amepanga kumpa hukohuko Noli.

"Mlipoachana mligawana vitu," alisema.

"Tuligawana. Nyumba tukauza. Mbwa akachukua yeye, kabati nikachukua mimi. Mwavuli ukatushinda."

"Ukawashinda vipi?"

"Hakuna aliyekubali kuuacha. Hata jaji aliuliza ni safu ya ngapi. Aliposikia ya kwanza, akavua miwani, akasema, 'Hapo mtaelewana wenyewe.'"

"Kwa hiyo miaka mitatu uliyoniambia uko na mama yako…"

"Nilikuwa na mama."

"Na Marilena."

"Na Marilena. Na Donato, mumewe. Mtu mwema Donato, ila kwenye karata anaiba."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini, Ezio? 'Samahani mpenzi, unajianika jua na mkeo wa zamani chini ya mwavuli mmoja?' Swali kama hilo linatoka kwenye kichwa gani?"

Ezio akakuna povu. Akaenda kwenye koti lake, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Usihofu nafasi. Vitanda vya jua viwili, kiti kimoja, watu watano. Nimepanga zamu. Ona, wewe una saa nane mchana hadi saa kumi. Kitanda kizima, peke yako!"

"Saa nane jua linakaanga mayai. Watu wote wako nyumbani wamelala."

"Ndiyo maana kipo wazi."

Ornella akamrudishia karatasi. Angemkuta anadanganya, angejua la kufanya: sanduku dirishani, mtu mlangoni. Lakini huyu alisimama mbele yake analowesha sakafu, anasema kweli tupu kwa sauti ya kutaja saa za treni. Unamfukuzaje mtu wa namna hiyo?

Kesho yake alimsimulia Rosalba, dereva mwenzake, wakinywa kahawa kituoni.

"Mwache leo hii!" Rosalba aliruka. "Mwanamume wa kugawana na mke wa zamani? Fukuza! Safu ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Rosalba akaweka kikombe chini.

"Ya kwanza kabisa? Mbele yenu hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Aa. Basi hilo ni jambo jingine."

"Rosalba!"

"Shoga yangu, mimi niko safu ya tano. Mwaka wa tisa huu ninaangalia migongo ya watu. Usinifanye nilie kazini."

Jumanne akaenda kwa Bi Palmira, mama yake Ezio. Alimkuta jikoni anamenya maharage mabichi, aproni hadi kifuani.

"Kaa, mwanangu. Ezio kaniambia umenuna."

"Sijanuna, Bi Palmira. Sielewi. Kwa nini msitafute mwavuli mwingine?"

Mkono wa mama ukasimama hewani na ganda la harage.

"Mwingine?"

"Wa kwetu. Hata wa safu ya nne."

"Safu ya nne nilianzia mimi, Ornella. Ezio alikuwa bado ananyonya. Kutoka ya nne kwenda ya tatu, miaka saba. Mtu hapandi safu mpaka aliye mbele ahame, au afe. Baba yake Ezio alifia safu ya pili. Unanisikia? Kila asubuhi alikuwa anainua shingo aone bahari juu ya kofia ya mke wa mfamasia. Ya kwanza hakuiona. Miaka ishirini na sita, halafu nimwachie nani? Kwa ajili ya talaka?"

Ornella alikuja na maneno makali mfukoni. Akaanza kumenya maharage.

"Lakini mimi nitakuwa nani pale, Bi Palmira?"

"Utakuwa wa saa nane, mwanangu. Ndiyo mwanzo. Marilena naye alianza na kiti."

Jioni, akiwa anatandika meza, simu ikaita. Namba asiyoijua.

"Ornella? Mimi Marilena. Usikate."

"Sikati."

"Nimesikia umekasirika, na haki yako. Nikuambie tu: Ezio simtaki hata nikifungiwa kwa utepe kama zawadi. Anakoroma, anaacha soksi kwenye sinki."

"Najua."

"Basi tuko pamoja. Sikiliza, nakupa nusu saa yangu ya asubuhi. Saa tatu hadi tatu na nusu. Bahari inakuwa kama maziwa."

"Asante," Ornella alisema.

Alikata simu, akabaki ameshika uma. Asante ya nini? Amemshukuru mwanamke mwingine kwa kumpa nusu saa ya likizo yake mwenyewe! Kila mtu alikuwa mwema. Kila mtu alikuwa na sababu. Akajitafutia adui chumba kizima, asimpate, na hilo likamuuma kuliko kama wangekuwepo kumi.

Jumatano, saa sita kasorobo, tramu yake ikiwa imeegeshwa mwisho wa njia, simu ikaita tena.

"Bi Ornella Gastaldi? Iole hapa, wa Noli. Nangoja uthibitisho wako. Imebaki robo saa."

"Wangu? Muulize Ezio."

"Ezio hayumo tena. Alinipigia jana. Amefuta jina lake, ameandika lako. Sasa ni wewe na Marilena. Mwenye jina la kwanza ndiye anayethibitisha."

Ornella akakaa kwenye kiti cha dereva. Jana? Jana Ezio alikula wali, akaosha vyombo, hakusema neno. Mtoto wa mtu aliyefia safu ya pili alikuwa amempa nafasi yake, kama mkulima anavyomwandikia mtu shamba lake. Macho yakamjaa. Na hapohapo, kupitia machozi, akaona jingine: yeye na Marilena, majina mawili kwenye daftari moja, na Ezio sasa hayumo kabisa!

"Nikisema ndiyo?" aliuliza.

"Ni wenu mpaka kifo."

"Nikisema hapana?"

"Usiseme hapana."

"Nikisema."

"Kuna watu kumi na tisa kwenye orodha. Wa kwanza anachukua, nanyi mnaanza upya nyuma, karibu na vyoo."

"Hapana."

"Bi Ornella, vuta pumzi kwanza."

"Nimevuta. Hapana. Mpigie huyo wa kwanza, mwambie hongera."

Habari ilifika Torino kabla hajamaliza mzunguko mmoja. Aliporudi mwisho wa njia, Ezio alikuwa anamsubiri na ovaroli yake ya fundi lifti, grisi mpaka kwenye nyusi.

"Ornella, umefanya nini?"

"Unajua nilichofanya."

"Mama amefunga madirisha, amelala kama maiti. Nimemwacha mtu ndani ya lifti, ghorofa ya tatu!"

"Kamtoe."

"Ametoka, nilitia chumvi tu… Ornella, nilikupa kitu kikubwa kuliko vyote nilivyo navyo."

"Najua. Hakuna aliyewahi kunipa kitu kama kile. Ndiyo maana nakujibu leo, sisubiri Noli."

"Unijibu nini?"

"Ulipopiga goti uliniuliza maswali mangapi?"

"Moja," Ezio alisema. Akavua kofia.

"Jibu ni ndiyo," Ornella alisema. "Nitaolewa na wewe. Lakini naolewa na mtu mmoja, Ezio. Siolewi na watu wanne kwa zamu."

Ezio akaketi kwenye ngazi ya tramu, kofia mikononi.

"Subiri. Kwa siku moja umeninyang'anya mwavuli, umenipa mke. Sasa nicheke au nilie?"

"Anza na lolote."

"Tutakaa wapi?"

"Mwisho wa mji kuna ufukwe wa bure. Taulo mbili mchangani."

"Kama wageni?"

"Kama watu wawili."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Ornella aliinama kuona kama ni kilio. Ilikuwa kicheko, ingawa hata mwenyewe hakuwa na hakika, maana alikuwa anajifuta macho kwa mkono wenye grisi. Ornella akamvuta, akamkumbatia juu ya sare yake safi, na abiria wawili waliokwisha kupanda wakapiga makofi.

Simu ya Ezio ikalia. Akatazama, akameza mate, akaweka spika.

"Mpe simu huyo," alisema Bi Palmira.

"Nakusikia, Bi Palmira."

"Miaka ishirini na sita, mwanangu. Marilena analia. Donato amekataa kula. Sitaki mengi kwako. Neno moja tu. Sema umekosea, nami kabla ya Jumapili nitakuwa nimesahau."

Ezio alikuwa anamwashiria kwa mikono miwili: sema tu, sema yaishe. Abiria wakasogea karibu. Ornella akasogeza simu karibu na mdomo.

"Bi Palmira, Julai nitakubebea mkoba mpaka kwenye maji. Nitakutafutia kiti kizuri, nikupake mafuta mgongoni kama mama yangu mzazi. Mwanao nitamtunza. Lakini sikukosea. Radhi siombi, si leo, wala siku ya harusi."