Suruali ya Baba Kwenye Filamu ya Ngumi

"Kila Jumamosi ulifua suruali ya baba, mama, ukaianika uani ili majirani wadhani yupo. Miaka minne unamfulia mtu aliyehamia kwa mwanamke mwingine. Halafu ukawaambia amefia safarini."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kwenye skrini alikuwa shujaa wa filamu, yule mwosha vyombo anayekamata upepo kwa viganja, akiongea na mama yake. Sauti ilikuwa ya Kinanda, mchumba wangu, aliyekaa pembeni na maikrofoni akiwatafsiria watu filamu kama kila wiki. Lakini maneno yalikuwa yangu. Nilimwambia yeye peke yake, siku aliyoniuliza kwa nini sipendi kufua Jumamosi.

Na mama yangu alikuwa kando yangu, benchi la mbele, mgeni wa heshima wa mkwe wake mtarajiwa.

Nyuma yetu jirani alimgusa mwenzake.

"Eh. Si ndiyo ile suruali ya kaki?"

"Ndiyo yenyewe. Na sisi tukaenda kumpa pole ya msiba."

Mama hakugeuka. Alichukua pochi yake, akapita katikati ya watu kama anayekwenda msalani. Hakurudi.

Filamu ilipoisha nilimngoja Kinanda mlango wa nyuma. Akatoka jasho linamtiririka, meno yote nje.

"Umeionaje? Sema kweli. Wewe kwenye filamu huna unafiki."

"Pigano la kwenye ngazi ni zuri," nikasema. "Ngazi nyembamba, mtu mmoja, kila ngumi unaiona inakotoka na inakofika. Na shujaa akiumia ameumia, anachechemea mpaka mwisho. Si wale wa kupigwa nondo wakapangusa vumbi."

"Umeona, ee?"

"Ubovu wake ni lile jitu la mawe. Kompyuta tupu, moshi na kelele, ngumi hazina mtu tena. Na yule mama wa shujaa amepewa dakika mbili, analia, basi."

"Hapo ndipo nilipoiokoa mimi. Midomo inacheza, maneno hayana uzito. Nikatia chumvi."

"Chumvi umeitoa jikoni kwa nani?"

Meno yakaanza kurudi ndani.

"Mama yangu yuko wapi, Kinanda?"

Akachungulia nyuma yangu, kama aliyemwangusha mtu njiani.

"Haki ya Mungu, nilisahau kama ni yenu. Nikishika maikrofoni yanakuja tu. Nilidhani nimeyatunga."

"Nilipokuambia nilikuwa nalia. Ulinishika mkono."

"Mpenzi, hakuna aliyejua ni nani."

"Mtaa mzima ulikuwa kwenye mabenchi. Suruali waliiona wenyewe kwenye kamba. Walichokuwa hawajui ni kwamba miaka yote ile haikuwa na mwenyewe. Umewaambia wewe, kwa spika."

Akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Nifanye nini sasa?"

"Onyesho la saa kumi, ukifika pale, nyamaza."

"Ukumbi ukae kimya? Watanizomea."

"Wakuzomee. Wewe ni dakika mbili. Mama yangu atazomewa mpaka anaingia kaburini."

"Sawa. Nitanyamaza. Nimekuahidi."

Saa kumi nilisimama mlangoni. Watu walijaa mpaka wengine wakakalia makreti, maana habari ilikuwa imeshatembea. Mama wa shujaa akatokea. Kinanda akashusha maikrofoni, midomo ikacheza bila sauti. Sikufichi, nilimpenda upya, pale pale niliposimama.

Kisha mmoja akaita, "Suruali." Mwingine akadakia. Wakaanza kupiga makofi, su-ru-a-li, su-ru-a-li. Mwenye ukumbi akatoa kichwa kwenye dirisha la tiketi, akamkazia macho. Kinanda akaniangalia. Akawaangalia wao.

Akapandisha maikrofoni.

"Kila Jumamosi, mama..."

Safari hii aliongeza na rangi yake. Kaki.

Sijafika hata barabarani ujumbe ukaingia: "Nisamehe mpenzi, wamenilazimisha, umeona walivyokuwa wengi. Jioni nakuja kumwomba mama radhi kwa magoti."

Nikajibu: "Usije."

Akapiga.

"Harusi bado wiki tatu," akasema, nyuma yake bado wanacheka. "Kadi zimeshagawiwa. Usinitie aibu mbele za watu."

"Kumbe aibu unaijua."

Nikakata. Akapiga tena mara nne, nikaizima simu.

Mama nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, pochi mapajani, kama mtu aliyeko kwenye foleni ya daktari. Nikamweleza yote, hata lile la kuahidi kunyamaza.

"Akanyamaza?"

"Kidogo. Walipomshangilia akasema tena."

Akavua kiatu kimoja. Akavua cha pili.

"Unampenda?"

"Nampenda, mama. Ndiyo maana nina hasira hivi. Angekuwa mtu baki ningeshamsahau."

"Pole, mwanangu." Akanyoosha vidole vya miguu. "Mpigie shangazi yako, arudishe posa yao kesho asubuhi."

"Akiuliza sababu?"

"Mwambie aje anione. Pitia na kwa wale wa benchi la nyuma, nao waje, usimwache hata mmoja. Nitawasimulia mwenyewe tangu siku aliyoondoka, na hakuna atakayenitafsiria."