Hesabu ya Shangazi Kulthumu

Kila asubuhi kabla ya shule, Mwavita alimsaidia shangazi yake Kulthumu kuchambua chikichi za kukamua mawese, pale mjini Rumonge. Kulthumu hakujua kusoma, lakini hesabu ilikuwa mikononi mwake. Alipanga kokwa mafungu mafungu kwenye mkeka, ndipo akataja kitendo, kama jumlisha au zidisha, na mafungu mawili ya mwisho yakawa moja. Vitu kwanza, kazi baadaye.

Juni ya 1962, wiki mbili kabla ya uhuru, Mwalimu Bahizire aliandika ubaoni 4 × (3 + 2). Akasema atakayepata jibu kwa akili yake ataongoza gwaride la shule siku ya sherehe. Mwavita aliitaka sana nafasi hiyo. Darasa karibu zima lilisahau mabano, likapata kumi na nne. Yeye aliandika 4 3 2 + ×, halafu 20.

Assumani, waliyeketi naye benchi moja, alichungulia akacheka. "Alama ziko nyuma kama mkia wa mbuzi. Jibu umeiba wapi, wewe?"

Mwalimu naye akashuku, akamwuliza amenakili kwa nani. Mwavita akaona haya. Akimtaja mwanamke asiyejua herufi, watamcheka mpaka Minago, mji wa jirani. Angeweza kusema amebuni mwenyewe, na nani angejua? Akasimama.

"Nimefundishwa na shangazi, Mwalimu. Anahesabu kwa kokwa za chikichi. Kusoma hajui."

Wakacheka kweli. Mwalimu hakucheka. Aliandika (6 − 2) × (3 + 5), akampa chaki. Mwavita akaandika 6 2 − 3 5 + ×, huku akieleza: sita na mbili, toa, nne, tatu na tano, jumlisha, nane, sasa hizo mbili zilizobaki, zidisha.

"Thelathini na mbili," akasema. "Mabano sikuyahitaji."

Assumani ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Kesho yake Kulthumu aliitwa shuleni. Akamwaga kokwa sakafuni, na darasa zima likapiga magoti kumzunguka, Mwalimu akiwemo. Baadaye Mwalimu akatangaza kwamba Mwavita ataongoza gwaride, akamwomba Kulthumu awaambie watoto neno.

Kulthumu alijifunga kanga vizuri. "Huyu mtoto angeweza kulificha jina langu, nisingejua," alisema. "Basi wanangu, mkipewa kitu, utajeni mkono uliowapa. Akili haipungui kwa hilo."