Tawi la Mpera

Haya sikuyasikia kwa watu wa mbali. Yamemkuta mdogo wangu Venant, tumbo moja na mimi, na kama ningeweza kuyameza ningeyameza. Yamekataa kumezeka.

Kwetu ni upande wa Busisi, kijiji kimekaa kati ya ziwa na kilima cha Ndilana. Kilimani kuna msitu wa ukoo, na kiangazi cha mwaka jana uliungua karibu wote. Moto ule uliondoka na bibi Teodora, mjane aliyekuwa akiishi na binti yake ukingoni mwa msitu. Walimkuta chini ya mkuyu mkubwa, tawi la kuzimia moto bado liko mkononi.

Nieleze hilo la tawi, maana si kila mtu anajua. Kule juu hakuna maji, kwa hiyo moto wa msitu tunauzima kwa kuupiga. Unakata tawi bichi pale pale ulipo, unapiga nyasi zinazowaka mpaka zife. Moto ukiisha, kila aliyezima analaza tawi lake kwenye rundo, pale njia inapoingia msituni. Rundo haliguswi, hata la kuni huchukui, mpaka lioze lenyewe. Asiye na tawi kwenye rundo anaulizwa mbele za watu alikuwa wapi. Mimi mwaka jana nilikuwa Mwanza nauza dagaa. Niliporudi, Venant alinionyesha lake, juu kabisa ya rundo. Tawi la mpera. Nikampa pole, nikaenda zangu kupika.

Mvua zilipokuja msitu ukaanza kurudi, na Venant akapata wazo la kutembeza wageni. Jumamosi wanatoka mjini, wafanyakazi wa viwanda vya Nyakato, vijana wa kwaya, wanafunzi, siku hizi daraja limefupisha safari. Anawaonyesha visiki vya mninga vinavyochipua toka mizizini. Anawaambia kwenye machipukizi mengi bakiza la upande wa ziwa, kwa kuwa ndilo linalopata upepo wenye unyevu. Anajua uyoga upi wa kwenye majivu unaliwa na upi unaua. Anajua, sikatai. Yote alifundishwa na bibi Teodora, alipokuwa mtoto anachunga ng'ombe huko. Mimi nawapikia sato na ugali, tunakula juu kwenye jiwe.

Shida ya Venant ni mdomo. Wageni wakimuuliza moto ulianzaje, akawa anawaambia bibi Teodora alikuwa mchawi. Macho yake mekundu, dawa zake za usiku, moto aliouwasha ukamgeukia mwenyewe. Wageni wanashika vifua, wanapiga picha mkuyu.

Macho mekundu! Jamani, hata yangu ni mekundu, ni moshi wa jikoni. Lakini huku kwetu neno hilo halichezewi, vikongwe wamekatwa mapanga kwa neno hilo. Hadithi ikashuka kilimani ikaingia kijijini. Watu wakaanza kumwangalia Selina, yule binti, kwamba atakuwa amerithi. Wakaacha kuchota maji akiwepo. Halafu mawe yakaanza kuangukia bati lake, na ndani kuna watoto.

Jumamosi moja Selina alinikuta natengeneza samaki. Hakukaa hata nilipomvutia kigoda.

"Dada Tereza, mwambie Venant aache kumtaja mama yangu. Jana wamepaka kinyesi mlango wangu. Nitaenda wapi na hawa watoto?"

Nilimwambia Venant. Akacheka. "Dada, wageni wanapenda. Hadithi tu hiyo, nani anaiamini?"

Tukapanda. Jua lilikuwa kali, ziwa limetulia, kwaya inaimba njia nzima. Mimi nyuma na sufuria yangu kichwani. Tulipofika kwenye mkuyu tukanusa moshi. Vijana wakanyoosha vidole ziwani, kweli kulikuwa na lile wingu la wadudu wa ziwa linalopanda kama moshi. Wakacheka, wakasema ndilo hilo. Wadudu wale hawana harufu.

Venant akasimama chini ya mkuyu, akapandisha sauti ya kuwatisha wageni. "Hapa ndipo mchawi alipouwasha moto wake."

Pwa.

Tawi bichi likipiga nyasi. Sauti hiyo huwezi kuifananisha na nyingine ukishaisikia mara moja.

Venant akageuka. Hapakuwa na mtu. Akaendelea, lakini sasa anaharakisha maneno. "Macho yake yalikuwa mekundu, ndugu zangu, kama..."

Pwa. Pwa. Karibu zaidi.

Msichana mmoja wa Nyakato, wanamwita Princess, alikuwa amesimama mbele kabisa. Mgeni, hajui habari ya mtu yeyote kijijini kwetu. Akauliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia.

"Kaka, mbona humsaidii huyo bibi?"

"Bibi gani?"

"Huyo aliyeinama. Anazima moto kwenye miguu yako."

Tukaangalia chini wote. Nyasi zilikuwa mbichi, za kijani, mvua imenyesha juzi. Lakini pale Venant alipokanyaga palikuwa peusi. Akarudi nyuma hatua moja, unyayo mweusi ukabaki. Hatua nyingine, nyeusi. Pindo la suruali lilikuwa limeungua, linatoa moshi mwembamba. Yeye peke yake. Sisi wengine tulikuwa tumesimama kwenye majani mabichi.

Nikatua sufuria. Nilimsogelea, na nilipofika karibu ndipo nilipokumbuka tawi lake kwenye rundo. Msitu wote wa Ndilana hauna mpera hata mmoja. Mpera uko uani kwake, nje ya dirisha. Na mtu aliyekuwa anapambana na moto kilimani hashuki mpaka nyumbani kukata tawi.

"Venant," nikamnong'oneza. "Siku ya moto ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa narina asali. Mwenge wa moshi uliniponyoka."

"Halafu?"

"Nikakimbilia ziwani. Bibi alikuwa ameniona nikiingia msituni, dada. Alidhani bado niko ndani." Akashika sikio lake, kama vile bado linamuuma. "Alikuwa ananiita kwa jina. Nilimsikia. Nikakimbia."

Pwa, miguuni kwake. Nilihisi upepo wa tawi kwenye vifundo vyangu.

Loo. Nimewahi kuogopa maishani, lakini sijawahi kuogopa na kuona aibu kwa pamoja namna ile. Mwanamke amekufa anamtafuta mdogo wangu motoni. Mdogo wangu anasimama pale alipofia anamwita mchawi ili wageni wafurahi. Na bado bibi anamzimia moto.

"Utamwambia Selina," nikasema. "Leo hii, mbele ya watu."

"Nitamwambia. Naapa."

Mapigo yakakoma. Moshi ukakatika. Ndege mmoja akalia.

Tukashuka, hakuna aliyeimba. Chini Selina alikuwa amesimama kwenye rundo la matawi, amebeba mwanawe mdogo mgongoni. Mzee Ngosha, mkubwa wa ukoo, alikuwa naye, alikuja kusikia malalamiko yake. Venant akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akamwambia, "Haya, sema. Unajua nini juu ya mama wa huyu?"

Nilimtazama mdogo wangu akifungua mdomo. Nilimwona kabisa akilitafuta neno. Halafu akatazama wale wageni, akatazama ardhi, akasema, "Mimi nasimulia tu nilivyosikia, mzee."

Selina hakulia. Alimwangalia kwa muda, akaniangalia mimi. Mimi nikashika vizuri sufuria yangu. Ni mdogo wangu, nikajiambia, atasema mwenyewe, nimpe nafasi.

Wiki ile ile Selina alifunga nyumba akavuka daraja na watoto kwenda Mwanza, kwa watu wasiowajua. Waliompiga mawe wakasema si unaona, amekimbia, ndiyo ushahidi.

Tangu hapo Venant hatembezi mtu. Kila asubuhi alikuta tawi mlangoni kwake. La mninga, majani mabichi juu, limeungua kwenye ncha. Alilitupa ziwani, kesho lipo. Mkewe alirudi kwao. Mwenyewe anakaa na miguu yake kwenye beseni la maji, mchana kutwa, na ukimuuliza anasema inaungua. Ukiitazama haina hata lengelenge.

Na mimi bado nilinyamaza. Nilimpelekea uji, nikafagia mlango wake, nikanyamaza.

Leo asubuhi tawi halikuwa kwake. Lilikuwa limeegemezwa kwenye mlango wangu.

Sikupiga kelele. Nilikaa kizingitini nikampigia simu Selina, nikamwambia yote, kuanzia mwenge na mpera mpaka hili tawi la mlangoni kwangu. Nikamwambia mama yake alikufa akimwita mtoto wa watu atoke motoni. Selina akasema, taratibu, "Dada, ulijua siku ile pale kwenye rundo?"

"Nilijua."

"Basi lipeleke tawi la mama kwa wenzake." Akakata.

Nikapita kwa mzee Ngosha kwanza, nikayasema yale yale mbele ya watu aliokuwa nao, na Venant alisimama uani akinisikia. Hakubisha. Halafu nikalibeba lile tawi la mninga mpaka njia inapoingia msituni. Watu wakanifuata kwa mbali, wale wale wa mawe.

Rundo lilikuwa kavu, kijivu, mchwa wameshaanza kula matawi ya chini. Hakuna aliyeligusa tangu mwaka jana. Nililaza tawi la bibi Teodora juu, pembeni ya lile la mpera ambalo halijawahi kuona moto.

Lile la mpera sasa lilikuwa mkaa. Jeusi toka shinani mpaka kwenye kijiti cha mwisho, katikati ya matawi makavu ambayo hayakuungua hata jani.

Niliweka kiganja changu juu yake. Lilikuwa bado la moto.