Tumbo Dogo la Mwandawiro

Mwandawiro alikuwa mkulima wa kabichi karibu na Wundanyi. Mwaka wa 1979 alifanyiwa operesheni ya saratani ya tumbo. Madaktari walikata sehemu kubwa ya tumbo lake. Aliporudi nyumbani, mkewe Tryphena alifurahi kupita kiasi, na furaha yote akaipakua kwenye sahani. Alimpa kimanga, yaani muhogo uliopondwa pamoja na maharagwe, cha kushibisha wanaume wawili, pamoja na chai ya vijiko vinne vya sukari.

"Kula, Baba Silvanus, upate nguvu."

Mwandawiro alimaliza vyote, maana hakutaka kumwaibisha mkewe. Muda si muda jasho likamtoka, moyo ukaenda mbio, tumbo likaendesha. Ikawa hivyo kila siku. Mwishowe akaogopa kula. Alikonda mpaka Tryphena akawa analia jikoni, akidhani ugonjwa umerudi.

Ndipo akamwita jirani yao Peris, nesi wa zahanati. Peris aliitazama ile sahani.

"Mama Silvanus, hiki ni chakula cha mtu mmoja au cha harambee?"

"Si nataka apone haraka?"

"Tumbo lililobaki ni dogo. Ukilijaza, na sukari hiyo yote, chakula kinateremka mbio kwa utumbo. Ndiyo maana anatoka jasho."

"Sasa nifanye nini?"

"Mpe kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Atafune polepole. Asikose yai, maharagwe au samaki. Sukari punguza. Chai na maji anywe nusu saa baada ya kula, si pamoja na chakula. Na siku za kliniki msikose. Watampima damu, na huenda akahitaji sindano za vitamini."

"Watu watasema namnyima."

"Waache waseme."

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja Lois, dada ya Mwandawiro, alifika kutoka Mraru. Akaona kisahani: yai moja na kipande cha kiazi.

"Wifi! Kaka yangu unampa chakula cha mtoto?"

Tryphena aliona haya. Mwandawiro ndiye aliyejibu.

"Mwache, Lois. Bila yeye ningekwisha. Saa nne nakula tena."

Alitafuna polepole, akapumzika kidogo, kisha akachukua jembe. Lois alimfuata hadi mlangoni. Kaka yake alikuwa akipalilia kabichi, peke yake, bila kushikiliwa na mtu. Lois alipangusa macho kwa leso.

"Wifi," akasema, "yai la saa nne nitalichemsha mimi."