Sukari Juu ya Muhogo Mchungu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule kulia, Sadiya alipita sokoni Koboko akiwa ameziba pua. Wanawake kutoka kijiji cha Midia walikuwa wamekwisha kupanga vikapu vyao vya unga wa muhogo, na unga ule ulikuwa na harufu ya uchachu.

"Mnauza unga au soksi za askari?" aliwauliza siku moja. Wenzake walicheka. Wale mama hawakujibu. Baba yake Sadiya alikuwa askari, na siku zile mtoto wa askari hakujibiwa ovyo.

Nyumbani kwao kulikuwa na wali na nyama. Bibi Hawah, aliyemlea yeye na mdogo wake Tahiru tangu mama yao alipofariki, alimwonya mara nyingi. "Riziki haichekwi, binti," alisema. Sadiya aliitikia, na kesho yake aliziba pua tena.

Mwaka 1979 vita vikafika mkoa wa West Nile, hadi Koboko. Baba hakurudi, wala habari zake hazikuja. Bibi Hawah alifunga nguo chache na kifurushi cha sukari iliyobaki, akamweka Tahiru mgongoni, wakapita Midia kwa miguu pamoja na majirani wengine hadi wakavuka kuingia Zaire.

Mkulima mmoja aitwaye Mama Candia aliwapa kibanda chake cha kuwekea mavuno. Hakuwajua, wala hawakuwa ndugu zake. Jioni ile ile aliwaletea ugali wa muhogo na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Alipiga magoti, akamnawisha Bibi Hawah mikono.

"Karibu, mama. Nyama hakuna. Iko hii tu."

Bibi Hawah alisema Bismillahi, akala na kushukuru. Sadiya aliisukuma sahani mbali.

"Haboba, huu umeoza!" alimwambia bibi yake. "Mbwa wetu Koboko alikula vizuri kuliko hivi."

Candia, binti wa nyumba ile, alikuwa rika lake. Alisimama mlangoni akasikia yote. "Kama umeoza, usile," alisema. "Lakini askari wenu walipovuka kuchukua mbuzi zetu, hawakuuliza kama mbuzi wananuka."

Bibi Hawah alimpiga Sadiya kofi mbele ya wenyeji. Sadiya hakulia. Aliweka chuki moyoni.

Kesho yake aliwaona Candia na mama yake kijitoni. Walikuwa wakitoa mihogo kwenye dimbwi, imelainika, ina povu, inanuka. Sadiya hakuuliza kwa nini muhogo ulilazwa majini. Alirudi mbio kwa mdogo wake.

"Tahiru, wanatuozeshea chakula makusudi. Ukila utakufa."

Mtoto alimwamini dada yake. Ugali ulipokuja alifumba mdomo. Bibi alibembeleza, akatisha, akachoka. Usiku mtoto alilia njaa, na asubuhi akalia tena.

Watu wazima walipokwenda shambani, Sadiya alizunguka nyuma ya jiko, akang'oa shina la muhogo bila ruhusa. Alipoumenya, ulikuwa mweupe kama maziwa na hauna harufu yoyote. "Huu ndio muhogo!" alisema. Kwao Koboko alikuwa amekula muhogo mtamu wa kuchemsha pamoja na chai, na alidhani mihogo yote ni mamoja. Aliuchoma kwenye majivu ya moto. Alipoonja kipande aliona uchungu, basi akaunyunyizia sukari yao yote iliyobaki, akampa Tahiru. Mtoto alikula mpaka akalamba vidole.

Jua halikuwa limesogea sana Tahiru alipoanza kutapika. Alishika tumbo. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa, na macho yakampinduka.

Bibi Hawah aliporudi na kumkuta hivyo, alipiga yowe. Wakimbizi waliolala vibanda vya jirani walikuja mbio. Mbele yao alikuwa Hamuza, aliyekuwa muuza nyama Koboko.

"Amekula nini?" Hamuza aliuliza.

"Tunakula cha Mama Candia tu," Bibi Hawah alilia. Yeye aliyeswali sala tano, aliyelala katika kibanda cha watu bila kulipa, aliinyooshea kidole nyumba ya mwenyeji wake. Kwa hofu alisahau kwamba Tahiru alikuwa ameukataa ugali ule.

"Sumu!" mtu alisema. Kwetu neno hilo likitajwa, hakuna anayengoja ushahidi. Walimkamata Mama Candia anatoka shambani na jembe begani, wakamfunga kwa kamba ya mbuzi.

"Na ninyi mama mulikula," Mama Candia alimwambia Bibi Hawah. "Mbona hamukuugua?"

"Nyamaza, mchawi!" Hamuza alimpiga kwa fimbo. Mdomo ukapasuka. Candia alijitupa katikati, wakamvuta kwa nywele na kumtupa kando. Mtu mwingine alikwenda jikoni kuchukua kijinga cha moto ili nyumba ichomwe.

Sadiya alisimama pale, sukari bado imemganda vidoleni. Alijua. Lakini aliiona ile fimbo, akafikiri, nikisema itanigeukia mimi. Akanyamaza. Fimbo ilishuka tena, na mfupa wa mkono wa Mama Candia ukalia kama kuni kavu.

Mama Candia hakuomba aachiwe. Alimtazama mtoto anayegaagaa chini. "Mutu aniambie huyu mutoto alikula nini," alisema kwa shida. "Munipige baadaye. Yeye anakufa sasa."

Ndipo Sadiya alipopiga kelele. "Ni mimi! Nilimpa muhogo wa nyuma ya jiko. Niliuiba, nikauchoma!"

"Bila kulaza majini?"

"Bila."

"Munifungue!"

Mama Candia alikwenda mbele kuwaonyesha njia, mkono mmoja unaning'inia, na Candia alimbeba Tahiru mgongoni. Walikimbia mpaka zahanati ya misheni. Aliyeshika kijinga alikizima mchangani. Hamuza aliitupa fimbo majanini, akaondoka bila kusema samahani. Hakuisema hata baadaye.

Kwa rehema za Mungu Tahiru alipona, ingawa miguu yake ilichelewa kupata nguvu. Mkono wa Mama Candia uliunga vibaya. Hakuweza tena kushika mchi.

Basi Sadiya alishika kazi ile. Alilaza mihogo, akaitoa, akaimenya, akaianika juu ya mawe, akatwanga. Alinuka mikono mpaka viwiko. Alipojaribu kuomba radhi, Candia alimkata kauli. "Nuka kwanza, mutoto ya askari. Tutaongea mwaka kesho."

Siku unga wake wa kwanza ulipotoka vizuri, walikula wote kwenye sinia moja. Ugali ulikuwa na uchachu mdogo, sombe ilikuwa laini. Sadiya alikula na kutamani zaidi, akaona haya.

"Mama, nani aliwafundisha kuulaza majini?" aliuliza hatimaye. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu wavuke mpaka.

"Mama yangu," Mama Candia alijibu. "Muhogo huu una sumu. Ukilala majini sumu inatoka, ndiyo unanuka. Mimi nilijua. Lakini wakati wa vita vya kwetu tulijificha porini, maji yalikuwa mbali, na mutoto wangu wa kwanza alilia njaa. Nikampa hivyo hivyo. Aliitwa Ayiko, maana yake furaha." Alimsogezea Tahiru sombe. "Kule porini hapakuwa na zahanati karibu."

Hakuna aliyetia mkono kwenye sinia. Bibi Hawah alifuta macho, akamgeukia mjukuu wake.

"Umesikia, Sadiya? Mimi pia nimesikia, na mimi pia nilikosa. Mungu hakuiweka riziki yake yote katika jiko la Koboko. Ukifika nchi ya watu, uliza kwanza ndipo ucheke, kama bado utataka kucheka. Katika kila chakula unachokiona cha ajabu, kuna mama aliyezika mtoto kabla watu hawajajua namna ya kukipika. Sasa kula. Na ukimaliza, mwoshe mama yako huyu mikono."