Nyuzi za Lonzo Tibbs

Cleotis Gant, mpiga gita na rafiki wa baba yangu, alitusimulia hili mara moja tu. Jumatatu moja alitakiwa kurekodi nyimbo mjini Memphis, naye alitaka mlio wa gita la marehemu Lonzo, mpiga muziki wa bluzi aliyelegeza nyuzi kila alipomaliza kupiga, siri ya jinsi alivyozikaza isiibiwe.

Akaenda kwa mjane, Verdell, siku ya tatu baada ya maziko.

"Shemeji, nilishike gita lake kidogo tu."

"Ulimcheka akikohoa damu jukwaani, leo mikono inakuwasha? Haya, shika!"

Chumbani mlikuwa na giza. Nyuzi za Lonzo zilikuwa zimelegea zote. Ndipo akasikia vigingi vya kukazia nyuzi vikizunguka, kri, kri, ndani ya mfuko wa gita lake mwenyewe aliobeba mgongoni. Akaufungua. Nyuzi tano za gita lake zilikuwa zimeshalegea, na kigingi cha sita kilikuwa bado kinazunguka.