Sauti Aliyoitoa Amour

Kila nikikaa mnanichokoza na habari ya Amour, mkwe wa shoga yangu! Haya.

Alikuwa akivuta filamu kutoka kompyuta za watu, lakini yeye mlango wa kutoa kaufunga, wengine wasivute kwake. Bahili! Na huko asiyetoa hupewa kidogo, basi filamu zikawa zinatambaa.

"Kampuni ya intaneti inanibana makusudi!" Amour akalalamika.

"Na wewe umewabana wangapi?" mkewe Faiza akamjibu, akaingia jikoni.

Magharibi umeme ukakatika. Kisanduku cha intaneti kikazima taa zote, lakini kwenye kompyuta, iliyobaki kwa betri, filamu ikaanza kushuka mbio. Ndani ya kompyuta kukaitwa, "Amour!"

Alifunzwa utotoni kwamba magharibi huitikii usiyemwona. Pupa ikamtangulia. "Naam!"

Filamu ikatimia.

Faiza akamwita. Amour akafumbua kinywa, hakikutoka kitu. Kompyuta ndiyo iliyoitika, kwa sauti yake, na mpaka leo ndiyo inayomwitikia.